Je, Eastlands Yaweza Kuikimu Timu Yake ya Kulipwa? Tafakuri Kandokando ya Soko la Burma

Swali la iwapo mji fulani unaweza kuikimu timu ya kulipwa aghalabu hujibiwa kwa hesabu ya vichwa. Wanaoliuliza huhesabu wakazi, wakakadiria mapato yao, kisha wakatoa hukumu. Mji ukiwa mdogo huambiwa ungoje ukue. Ukiwa maskini huambiwa ungoje utajirike. Makala haya yanashikilia kwamba hesabu ya namna hiyo huanzia mahali pasipofaa. Yanaitazama mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, hasa ile inayolizunguka Soko la Burma na uwanja wa City ulio jirani yake, na kudai kwamba mitaa hiyo ina uwezo wa kuilea timu ya kandanda ya kulipwa. Inachokikosa si mashabiki, wala si shilingi. Inachokikosa ni umiliki.

Tuanze na hesabu yenyewe, ili asiwepo wa kudai kwamba imekwepwa. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Nairobi ilikuwa na wakazi 4,397,073. Kaunti ndogo nne za upande wa mashariki, yaani Makadara (189,536), Kamukunji (268,276), Embakasi (988,808) na Njiru (626,482), zilikuwa na jumla ya watu 2,073,102. Hao ni wengi kuliko wakazi wa miji mingi duniani yenye timu mashuhuri.

Linganisha na Marekani. Mji wa Green Bay, jimboni Wisconsin, ulikuwa na wakazi wapatao 107,000 katika sensa ya mwaka 2020, idadi ambayo haifikii hata ile ya Makadara peke yake. Hata hivyo, mji huo una timu katika ligi kuu ya kandanda ya Kimarekani, nayo imedumu hapo kwa zaidi ya karne moja. Siri yake ni kwamba tangu mwaka 1923 timu hiyo imekuwa mali ya wanahisa ambao ni mashabiki wenyewe. Hisa zao haziwaletei faida ya fedha, na hakuna tajiri mmoja anayeweza kuibeba timu na kuihamishia kwingine. Kwa upande wa pili, mji wa Oakland, wenye wakazi zaidi ya 400,000, ulikuwa na timu ya besiboli tangu mwaka 1968, nayo ikatwaa ubingwa mara tatu mfululizo kuanzia 1972 hadi 1974. Msimu wa 2024 ulipokwisha, timu hiyo iliuhama mji. Mashabiki hawakuwa na la kufanya, kwa kuwa walichokipenda hakikuwa chao. Basi mji wenye watu mara nne zaidi ulipoteza, na mji mdogo ukabaki na timu yake. Ikiwa hesabu ya vichwa ndiyo inayoamua, mambo yangekuwa kinyume.

Turudi nyumbani. Soko la Burma, ambalo jina lake linakumbusha nchi walikopigana askari wa Afrika Mashariki katika Vita vya Pili vya Dunia, linajulikana zaidi kwa nyama. Limezungukwa na mitaa ambayo majina yake ni historia ya Nairobi ya Mwafrika: Kaloleni, Makongeni, Maringo, Jericho, Shauri Moyo, Bahati, Mbotela. Hatua chache kutoka sokoni, kando ya barabara ya Jogoo, upo uwanja wa City, ambao mwaka 2019 ulipewa jina la Joe Kadenge baada ya mchezaji huyo mashuhuri kufariki. Kabla ya uwanja wa Nyayo kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ule wa Kasarani kukamilika kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, huu ndio uliokuwa moyo wa kandanda nchini. Na siku ambayo uwanja una mechi kubwa, muuza nyama, muuza mayai, mshona viatu na utingo wa matatu wote hupata riziki. Soko na uwanja ni kama chanda na pete. Uwanja ukilala, soko nalo husinzia.

Asiyeamini kwamba mitaa hii ina hamu ya kandanda na afike Ziwani wakati wa mashindano ya Koth Biro. Mashindano haya, ambayo jina lake kwa Kijaluo humaanisha kwamba mvua inakuja, yamekuwapo tangu miaka ya 1970. Watu husimama kuuzunguka uwanja wa vumbi, wengine hupanda kuta na miti, na wachezaji wa Ligi Kuu huja kucheza pamoja na vijana wa mtaa. Vipaji pia si haba. McDonald Mariga na Victor Wanyama ni ndugu waliokulia Muthurwa. Mariga alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa wa Ulaya mwaka 2010, na Wanyama akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza alipojiunga na Southampton mwaka 2013. Mwaka 2019 timu ya Kariobangi Sharks, iliyozaliwa katika mitaa hii hii, iliishinda Everton ya Uingereza kwa mikwaju ya penalti huko Kasarani. Mashabiki wapo, wachezaji wapo, uwanja upo. Kwa nini basi timu ya mtaa isiwe na mishahara ya uhakika na ratiba inayoaminika?

Jibu limo katika aina za umiliki ambazo kandanda ya Kenya imezijaribu. Ya kwanza ni umiliki wa ukoo, kwa maana pana ya neno hilo. AFC Leopards iliasisiwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, na Gor Mahia mwaka 1968 kwa misingi ya jamii ya Waluo. Serikali ilipopiga marufuku majina ya kikabila mwaka 1980, Abaluhya ikabadilika jina na kuwa AFC Leopards. Hakuna anayeweza kubeza mchango wa klabu hizi. Gor Mahia ndiyo timu pekee ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la Afrika, mwaka 1987. Klabu hizi zimethibitisha jambo moja kubwa: Mkenya yuko tayari kulipa kiingilio ili aketi pamoja na watu anaowaita wake. Hata jina la pambano lao, Debi ya Mashemeji, linakiri kwamba watani hawa wameoana na kuzaliana. Hata hivyo, klabu ya ukoo ina mpaka wake. Mtoto wa Kikamba wa Makongeni au wa Kikuyu wa Bahati anaweza kuishangilia, lakini ni vigumu ajione kuwa mrithi wake.

Aina ya pili ni umiliki wa kampuni au taasisi. Hapa mishahara hulipwa kwa wakati, lakini uhai wa timu hutegemea uhai au hiari ya mwenye mfuko. Oserian ya Naivasha, iliyomilikiwa na kampuni ya maua, ilikuwa bingwa mwaka 2001 na 2002. Leo jina lake limebaki katika kumbukumbu tu. SoNy Sugar ya Awendo ilitwaa ubingwa mwaka 2006, na mwaka 2019 ikaondolewa ligini kwa kushindwa kufika uwanjani. Udhamini nao ni mti uo huo wenye tawi jingine. SuperSport ilipojitoa katika ligi ya Kenya mwaka 2017, na kampuni ya kamari ya SportPesa ikasitisha udhamini wake mwaka 2019 kufuatia mvutano wake na serikali, klabu zilizokuwa zimeegemea ukuta huo zilianguka pamoja nao. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Yaelekea walikuwa wamewaona wenye klabu za Kenya.

Aina ya tatu, ambayo haijajaribiwa kikamilifu, ni umiliki wa mtaa. Aliyeikaribia zaidi ni Mathare United. Timu hii iliundwa mwaka 1994 kutokana na chama cha vijana cha MYSA kilichoasisiwa mwaka 1987, ambacho kiliunganisha mpira na usafi wa mazingira. Mwaka 2008 ikawa bingwa wa Kenya. Baadaye ikashuka daraja, kisha ikarejea katika Ligi Kuu kwa msimu wa 2024/25. Funzo lake lina pande mbili. Kwanza, mtaa maskini unaweza kuzaa mabingwa. Pili, timu inaweza kutoka mtaani bila ya kumilikiwa na mtaa. Watoto wa Mathare waliipa miguu na jasho, lakini wazazi wao hawakuwa na kadi, wala kura, wala kauli juu ya hatima yake.

Tanzania inatoa ushahidi wa ziada. Yanga iliasisiwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote katika mitaa ya Dar es Salaam, na mashabiki wao hawaulizani kabila. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, na Simba ikafika mwaka 2025. Azam, kwa upande wake, ina mfuko mnene na uwanja wake yenyewe huko Chamazi, na ilikuwa bingwa msimu wa 2013/14. Lakini haijaweza kuzipokonya klabu hizo kongwe mashabiki. Fedha hununua nyasi na viti, hazinunui nasaba. Mfano unaokaribia zaidi hoja hii ni Mbeya City, timu iliyoanzishwa na halmashauri ya jiji hilo la wastani. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2013, na katika msimu wake wa kwanza ikamaliza ya tatu, huku mashabiki wakiifuata mikoani kwa mabasi. Ilishuka mwaka 2023, ikarejea kwa msimu wa 2025/26. Kushuka hakukuiua, kwa sababu jiji lilibaki pale pale likiingoja.

Je, mtaa unaweza kumudu gharama? Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Tuseme timu ya Eastlands inapata wanachama 10,000, wasiofikia hata nusu ya asilimia moja ya wakazi waliotajwa hapo juu, na kila mmoja analipa shilingi 100 kwa mwezi. Kwa mwaka hizo ni shilingi milioni 12. Ligi ya timu 18 huipa kila timu mechi 17 za nyumbani. Mashabiki 5,000 wakilipa shilingi 200 kila mechi, mapato yatakuwa shilingi milioni 17. Jumla ni milioni 29. Wachezaji 25 wakilipwa shilingi 50,000 kila mwezi, mishahara yao kwa mwaka itakuwa milioni 15. Zinabaki milioni 14 za makocha, usafiri, matibabu na vifaa, kabla mdhamini yeyote hajabisha hodi. Huu si utajiri, na mwaka mmoja wa mvua au wa kufungwa kwa uwanja ungeweza kuuvuruga. Lakini hii ni hesabu ya kuishi.

Kuna pia chanzo ambacho mitaa imekipuuza. Kanuni za FIFA zinaagiza kwamba mchezaji anapouzwa kutoka klabu moja hadi nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, na uhamisho huo ukavuka mipaka ya nchi, asilimia 5 ya ada yake igawiwe klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Klabu iliyomlea kijana kuanzia miaka 12 hadi 15 hustahiki asilimia 1 ya ada nzima. Mchezaji akiuzwa Ulaya kwa shilingi bilioni 1, klabu ya mtaani ingepata milioni 10. Sharti ni moja: klabu iwe imesajiliwa na iwe na kumbukumbu za kuthibitisha kwamba kijana huyo alikuwa wake. Mtaa usioandika watoto wake hauwezi kudai chochote wanapokuwa watu wazima.

Hapa huenda msomaji wa jarida hili akauliza: haya yote yanaihusu nini taaluma ya Kiswahili? Yanaihusu kwa njia mbili. Kwanza, kandanda ya Kenya ilijengwa kwa Kiswahili cha redio. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, alitangaza mechi kwa lugha iliyomfanya mkulima wa Nyeri na mvuvi wa Lamu waione miguu ya Kadenge kwa masikio yao. Kauli ya "Kadenge na mpira" ilibaki vinywani mwa watu ambao hawakuwahi kuukanyaga uwanja wa City. Istilahi kama mlinda lango, kipindi cha lala salama, mkwaju na kandanda hazikutungwa na kamati. Zilipikwa katika matangazo na kuonjwa na umma kabla ya kuingia vitabuni.

Pili, na hili ndilo zito, lugha ya Eastlands yenyewe ni ushahidi katika kesi hii. Wataalamu wengi wa Sheng huhusisha chimbuko lake na mitaa hii. Watoto waliotoka katika nyumba za Kijaluo, Kiluhya, Kikuyu, Kikamba na nyinginezo walikutana katika ua mmoja, wakachukua sarufi ya Kiswahili na kuijenga juu yake lugha ambayo wazazi wao hawakuwarithisha. Wapo wahadhiri wanaoilaumu Sheng kwa kukiharibu Kiswahili, na wapo wanaoitetea. Mjadala huo una mahali pake. Kinachohitajika hapa ni tanbihi moja tu. Jamii iliyoweza kujiundia lugha isiyokuwa ya kabila lolote haiwezi kuambiwa kwamba haina uwezo wa kujiundia timu isiyokuwa ya kabila lolote. Kuunda lugha ni kazi ngumu zaidi.

Yapo mapingamizi yanayostahili kusikilizwa. La kwanza ni kwamba kijana wa Eastlands ameshatekwa na Arsenal na Manchester United, na Jumamosi jioni yuko mbele ya runinga. Ni kweli. Lakini Dar es Salaam nayo ina runinga hizo hizo, na mashabiki wa Simba na Yanga wana timu zao za Uingereza pia. Mapenzi ya mbali hayazuii mapenzi ya karibu, mradi yale ya karibu yawe na heshima: mechi zianze kwa wakati, choo kiwepo, mama aweze kuingia na mtoto wake bila hofu ya mawe. Pingamizi la pili ni kwamba viongozi wa klabu za wanachama hugombana na kula fedha. Nalo ni kweli, na historia ya klabu zetu imejaa kesi za uchaguzi. Hata hivyo, wakazi hawa hawa wanaendesha vyama vya akiba kila wiki katika vibanda vya Burma na kwingineko, kwa daftari, zamu na faini, na mwekahazina anayechelewa kutoa hesabu hajui usingizi. Tatizo si kwamba mtaa haujui kutunza fedha. Tatizo ni kwamba klabu zetu hazijawahi kukabidhiwa watu wanaojua.

Pingamizi la tatu ndilo gumu kuliko yote. Mitaa ya zamani iliyojengwa enzi za ukoloni imo katika mipango ya kubomolewa na kujengwa upya kwa ghorofa. Je, ni busara kujenga timu ya mtaa wakati mtaa wenyewe unaondoka? Yamkini hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuijenga sasa. Nyumba za Kaloleni na jirani zake zikiondoka, majirani watatawanyika Kayole, Utawala na Ruai. Hakuna ghorofa itakayowakusanya tena. Timu inaweza. Aliyehamia mbali atakuwa na sababu ya kurudi kando ya barabara ya Jogoo mara 17 kwa mwaka, akawaonyesha watoto wake alikozaliwa, kisha akala nyama Burma kabla ya kupanda matatu.

Hatua za mwanzo hazihitaji tajiri. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 imeweka utaratibu wa kusajili vyama vya michezo. Katiba ya klabu iandikwe kwa Kiswahili ambacho mwanachama wa kawaida atakisoma na kukielewa, na itamke kwamba hakuna mtu mmoja atakayeweza kuwa na kura zaidi ya moja, wala kuihamisha timu bila ridhaa ya wanachama. Hesabu zibandikwe sokoni kila mwezi. Kaunti nayo, kama mwenye uwanja, iipe klabu mkataba wa muda mrefu wenye masharti kwa pande zote mbili, badala ya vibali vya siku moja moja. Na wanafunzi wa Kiswahili wana kazi yao: kuandika kumbukumbu za wazee walioshuhudia enzi za Kadenge, kutafsiri kanuni za FIFA ambazo huwafikia makocha wa mitaani katika lugha ya kigeni, na kutangaza mechi za vijana kwa Kiswahili kinachostahili urithi wa Mbotela. Taaluma isiyotoka nje ya lango la chuo hukosa wa kuitetea siku ya shida.

Kwa hiyo, jibu la swali lililoulizwa mwanzoni ni ndiyo, Eastlands yaweza. Lakini yaweza kwa sharti kwamba iache kungoja mfadhili atakayeikumbuka na ianze kuorodhesha wenye timu, jina kwa jina, mtaa kwa mtaa. Oakland walikuwa na mataji na hawakuwa na hisa. Green Bay walikuwa na hisa. Anayetaka kujua timu ya Eastlands itadumu kwa muda gani asiulize itafunga mabao mangapi. Aulize orodha ya wanachama imewekwa wapi, na nani ana ruhusa ya kuisoma.